BALOZI WA NYUMBA KUMI YUMO MFUKONI MWAKO

Yafuatayo ni mazungumzo ya fundi mmoja wa simu na kompyuta mbele ya vijana waliokusanyika katika tawi moja mjini Dodoma. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema. – Mhariri

Najua wengine pikipiki zenu zimelala hapo nje, na kila dakika ninayozungumza inakula hesabu ya bosi. Sitawapotezea muda kwa porojo.

Naanza na swali. Simu uliyonayo, siku ulipoinunua, nani aliiwasha kwa mara ya kwanza? Hebu nyoosheni mikono, wale waliowashiwa na muuzaji pale pale dukani. Haya, mnaona wenyewe. Karibu ukumbi mzima, pamoja na yule bwana wa tai.

Nitawaambia kilichotokea siku ile, maana kazi hiyo nimeifanya miaka mingi. Umetoka benki au umetoka kuuza gunia zako za alizeti, umefika mjini, umelipa. Muuzaji amefungua boksi, kakuwekea kioo cha kujikinga, kisha akaanza kubonyeza: Nakubali, Endelea, Nakubali, Endelea, Nakubali. Wewe ulikuwa unaangalia kava. Ilipofika mahali pa barua pepe akakuuliza, "Kaka, unayo?" Ukasema hapana. Akakutengenezea moja, jina lako na namba mbele, na neno la siri akaliweka analoliweka kwa wateja wote. Pengine jina la duka. Ukatoka na simu, risiti na kava la bure. Ufunguo ukabaki dukani.

Kila wiki nawapokea wateja wa namna hiyo. Simu imegoma, imefutwa ianze upya, sasa inadai barua pepe ile ya siku ya kwanza. Mwenye simu haijui. Anaapa kwa Mungu simu ni yake, na mimi namwamini, lakini simu haimwamini. Na hilo la kufungiwa nje ni nafuu. Kubwa zaidi ni kwamba yule mwenye neno la siri, akitaka, anaweza kufungua barua hiyo akiwa zake Makole anakunywa chai, akaona picha zako zilizohifadhiwa huko, akaona majina ya watu wako wote, na akaona simu yako iko wapi saa hiyo. Hahitaji kuwa mchawi wala usalama wa taifa.

Lakini muuzaji ni mtu mdogo. Nataka tumzungumzie yule mkubwa ambaye muuzaji alikubali masharti yake kwa niaba yako.

Ndani ya kila simu na kila kompyuta kuna programu mama inayoziendesha nyingine zote. Mafundi tunaiita mfumo endeshi. Kwenye simu nyingi zilizomo humu ukumbini inaitwa Android, na mwenye nayo ni kampuni ya Google ya Marekani. Wachache wenye iPhone, wao ni wa Apple. Kwenye kompyuta nyingi za maofisini na steshenari ni Windows, ya Microsoft. Sisi tuliopigania vyama vingi tuliambiwa ukiritimba umekwisha. Kwenye simu vipo vyama viwili tu, na havijawahi kukuomba kura.

Mfumo endeshi unaona kila kitu kwa sababu kila kitu kinapitia kwake. Herufi unayoandika, picha unayopiga, programu unayofungua na saa uliyoifungua, laini uliyoweka. Wazee waliopo hapa wanamkumbuka balozi wa nyumba kumi. TANU iliwaweka mabalozi hao miaka ya 1960. Balozi alijua nani kalala kwako, mgeni katoka wapi, na umepika nini kama harufu ilifika. Mgeni akija kutoka Manyoni, ukampeleke kwa balozi. Sasa huyu wa leo yumo mfukoni. Yule wa zamani alikuwa analala usiku, na nyumba yake uliijua. Ukitaka kumkwepa ulipita njia ya nyuma. Huyu halali, na hujui anampelekea nani daftari lake.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2021 profesa mmoja wa Chuo cha Trinity cha Dublin, Ireland, Douglas Leith, alizipima simu za Android na iPhone zikiwa zimewekwa tu mezani, hazitumiwi. Alikuta zinatuma taarifa kwa wenye mifumo yao, kwa wastani kila baada ya dakika nne na nusu. Ya Google ilikuwa inatuma mzigo mkubwa kama mara ishirini ya ule wa Apple. Google walimbishia namna alivyopima, na walisema taarifa hizo zinasaidia simu ifanye kazi vizuri. Sawa, baadhi ni kweli. Simu lazima iulize kama kuna marekebisho mapya, kama vile gari linavyopimwa oili. Lakini bando linalotumika kupeleka habari hizo ni la nani? Ni lako wewe kabwela uliyejiunga la shilingi mia tano.

Mwaka 2018 waandishi wa shirika la habari la AP walifichua jambo jingine. Walikuta kwamba hata mtu akizima ile historia ya mahali alipopita, Google waliendelea kuhifadhi mahali alipo kupitia kitufe kingine ambacho wengi hawakukijua. Umefunga mlango wa mbele, kumbe wa uani uko wazi. Mwezi Novemba 2022 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 391.5 kumaliza shauri hilo na majimbo 40 ya Marekani. Majimbo ya kule, jamani. Mtu wa Chang'ombe au Nkuhungu aliyefuatiliwa kwa kitufe kile kile hakuambulia hata vocha.

Na sisi wa simu za bei nafuu tuna balaa la ziada. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilitoa ripoti kuhusu simu aina ya Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Ethiopia na Ghana zikiwemo. Zilikutwa na programu mbaya zilizoingizwa tangu kabla ya kufika dukani, zinazomuunganisha mtu na huduma za kulipia bila yeye kujua na kumkata salio. Wenye kiwanda walisema lilifanywa na mtu wa kati aliyehusika katika njia ya kuzitengeneza, na kwamba walishalirekebisha. Lakini ukweli ni kwamba mlalahoi alinunua boksi lenye plastiki yake, akafungua mwenyewe, na mwizi alikuwa tayari ndani.

Kwenye kompyuta hali ni ileile. Microsoft walipotoa Windows 10 mwaka 2015, mfumo ule ulikuja ukipeleka habari za matumizi makao makuu, na ukatoa kila mtumiaji namba yake ya kutangaziwa biashara. Mwaka 2016 mamlaka ya Ufaransa inayolinda taarifa za watu iliwaandikia rasmi kwamba wanakusanya kupita kiasi, wakapunguza, na shauri likafungwa mwaka uliofuata. Kupunguza, si kuacha. Mwenye Windows ya kawaida ya nyumbani hana kitufe cha kuzima kabisa. Kitufe hicho wanapewa wenye leseni za makampuni na mashule. Mwezi Mei 2024 wakaja na kitu kinachoitwa Recall, kompyuta kujipiga picha ya kioo chake kila baada ya sekunde chache, eti ikusaidie kukumbuka ulichokuwa unafanya. Dunia ikapiga kelele, wakakirudisha karakana, na kilipotoka mwaka 2025 kikawa cha mtu kuchagua mwenyewe, kwenye kompyuta mpya za aina fulani tu. Kelele zilisaidia. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kompyuta ya steshenari ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Kijana kamaliza chuo, UDOM au St. John's, anatafuta ajira. Anakwenda steshenari kuingiza maombi ya kazi serikalini au ya mkopo wa elimu ya juu. Anaacha pale cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, namba ya NIDA, picha ya pasipoti na neno la siri ambalo kompyuta imeuliza "Nilitunze?" na dada wa kaunta akabonyeza "Ndiyo" kwa sababu foleni ni ndefu. Windows yenyewe imevunjwa kufuli, haijawahi kufanyiwa marekebisho, na kama ni Windows 10 basi msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fungua lile jalada la vitu vilivyopakuliwa. Nimelifungua mimi nikitengeneza kompyuta hizo. Mna wasifu wa nusu ya vijana wa Dodoma. Mtu akitaka kufungua mkopo kwa jina lako, kila anachohitaji kimo humo.

Sasa nasikia mtu pale nyuma ananong'ona, "Mimi sina siri. Sina hela, sina cheo, wachukue tu." Ndugu yangu, nami nilisema hivyo hivyo. Nitawaambia kilichonipata, na mkicheka sitakasirika.

Mwaka 2023 nilikuwa napeleka mahari Kondoa. Hela ikapelea. Nikaona tangazo la mkopo wa haraka kwenye simu, mkopo wa dakika tano, hauhitaji dhamana. Nikapakua ile programu kupitia kiungo nilichotumiwa. Ikauliza: niruhusu nione majina na namba za watu wako? Nikabonyeza "Ruhusu", fundi mzima mimi, kwa sababu bila hivyo haisongi mbele. Niliomba 60,000, mkononi ikafika 42,000, nyingine wakaiita ada. Siku saba nirudishe zote. Siku ya nane sikuwa nazo.

Siku ya tisa walianza. Walituma ujumbe kwa dada yangu, kwa wateja wangu, kwa katekista, kwa mtu niliyemuuzia chaji mwaka juzi. "Huyu ni tapeli, kaandika namba yako kama mdhamini, mwambie alipe." Wakamtumia na mzee wa Kondoa, baba wa binti, ambaye namba yake nilikuwa nimeitunza kwa jina la "Baba Mkwe". Hata kutafuta hawakuhitaji, jina lilijitangaza lenyewe.

Mzee hakunigombeza. Alinipigia usiku, akanijulia hali, akauliza mvua kama imenyesha Dodoma, halafu akasema, "Kijana wangu, hii mahari unayotuletea, ni ya mkopo?" Nilikosa jibu. Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu. Lakini mpaka leo mzee huyo hajawahi kuniomba hata vocha.

Hiyo ndiyo siri niliyokuwa sina. Na mwaka ule ule, kuanzia tarehe 31 Mei, Google walipiga marufuku programu za mikopo zilizomo katika duka lao kugusa majina na picha za mkopaji. Maana yake walijua mlango upo wazi na nani anaupitia. Ila marufuku hiyo haimgusi anayekutumia programu kwa kiungo pembeni ya duka, kama wangu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Sitini na tisa! Kausha damu wa mtaani alikuwa mmoja, unamjua kwao. Tazama kwamba wezi hawa hawakuvunja kitu. Mfumo endeshi uliwatengenezea kitufe, nikakibonyeza.

Sasa nije mahali ambapo baadhi yenu mnadhani nitaogopa kufika.

Tarehe 7 Septemba 2017, Mbunge wa Singida Mashariki, Tundu Lissu, alitoka bungeni akarudi nyumbani kwake Area D, hapa hapa mjini kwetu, akamiminiwa risasi akiwa ndani ya gari. Risasi 16 zilimpata. Miaka saba ikapita hakuna aliyefikishwa mahakamani. Kisha mwezi Septemba 2024 mambo yakasikika London, katika baraza la mashauri ya kazi. Michael Clifford, polisi wa zamani wa London aliyekuwa mpelelezi wa ndani wa kampuni ya Millicom, alidai kwamba alifukuzwa kwa kuhoji jambo. Jambo lenyewe ni kwamba kampuni ya simu ya Tigo, wakati ule ikiwa mali ya Millicom, iliwapa wakubwa wa Serikali ya Tanzania taarifa za simu za Lissu na mahali alipo, wiki kadhaa kabla ya shambulio, na kwamba kuanzia tarehe 29 Agosti 2017 simu zake mbili zilifuatiliwa saa 24. Gazeti la The Guardian la Uingereza ndilo lililoiandika. Kampuni ilipinga kesi yake. Mimi sisemi aliyepokea taarifa ndiye aliyefyatua bunduki; baraza lile halikuketi kuamua hilo. Nasema taarifa za mtu yuko wapi saa ngapi si mchezo wa matangazo ya sabuni.

Kijana wa UDOM ataniambia, "Fundi, hiyo ni minara ya simu, si mfumo endeshi." Kweli kabisa. Mnara unakadiria tu kwamba upo Area D. Mfumo endeshi, ukiwa umeacha mahali pako wazi, unajua upo upande gani wa barabara, umefika saa ngapi, na jana ulikuwa wapi saa kama hiyo. Kama habari hafifu ya mnara ilionekana na thamani kiasi kile, hii nyingine itaombwa na nani? Kila kinachokusanywa ipo siku kitaombwa, na mwenye kukuombea radhi hatakuwepo.

Na sheria zetu zimempa mwombaji njia fupi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru mtu atoe taarifa za kompyuta, bila kwenda kwanza kwa hakimu. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kugoma kuwataja watumiaji wake, akazungushwa kortini miaka mitatu na zaidi. Aprili 2020 akatiwa hatiani katika kesi mojawapo, faini shilingi milioni tatu au jela mwaka mmoja. Huyo alikuwa mtu mwenye jina, akagoma. Wewe unadhani kampuni iliyopo California au kiwanda kilichopo Shenzhen kitakwenda jela kwa ajili yako?

Zaidi ya hapo, laini zetu zote zina alama za vidole. Mnakumbuka foleni za NIDA? Usajili ule ulianza Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kidole kimefungwa kwenye laini, laini kwenye simu, simu kwenye barua pepe. Uzi ni mmoja.

Haki nayo ipo, tusiseme haipo. Ibara ya 16 ya Katiba inatupa hifadhi ya maisha binafsi na mawasiliano. Bunge, hapa hapa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwezi Novemba 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Chini ya sheria hiyo unaweza kumuuliza mtu ana taarifa gani zako na unaweza kulalamika. Wakili Tito Magoti aliipeleka mahakamani sheria yenyewe, na Mei 2024 Mahakama Kuu ikaona baadhi ya maneno ya vifungu vya 22 na 23 hayaeleweki, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuyarekebisha. Mtu mmoja alipiga kelele, mahakama ikasikia. Nilisema nitalirudia.

Mimi nilichokiona ni kwamba vijana wengi hawajui kama Tume ipo. Yule wa programu ya mkopo ningempeleka huko kama ningejua wakati ule, lakini wakati ule Tume ilikuwa haijazinduliwa. Leo hatuna kisingizio hicho. Na nisiwaonee wengine tu: chama chochote kinachosajili wanachama kwa simu, hiki cha kwetu kikiwemo, kina daftari la majina, namba na mitaa yetu. Muulizeni katibu linakaa wapi na nani ana neno la siri. Akikunja uso, ulizeni tena.

Usiku wa leo, kabla hujalala, fungua Mipangilio. Tafuta Ruhusa. Angalia nani anaruhusiwa kuona mahali ulipo. Tochi inataka mahali ulipo ya nini? Iondolee. Mchezo wa mpira unataka majina ya watu wako ya nini? Uondolee. Bodaboda unayetumia programu ya kuita abiria, acha mahali pawe wazi wakati programu inatumika tu, si muda wote. Nenda kwenye matangazo, ifute ile namba ya kutangaziwa. Kwenye Android za toleo la 12 kwenda mbele inafutika. Ukimaliza kazi steshenari, toka kwenye akaunti, futa vyeti vyako kwenye jalada la vilivyopakuliwa, na kwenye pipa la takataka pia. Dada wa kaunta akikuona mkorofi, mwache akuone.

Hutaweza kuzima yote. Ukitaka kuzima yote rudi kwenye simu ya kitochi, na hata hiyo mnara bado unaiona. Unapunguza kurasa za daftari, basi.

Sasa wale walionyoosha mikono, nimekaa meza ile ya dirishani mpaka saa kumi na mbili. Tutabadilisha barua pepe ya kila mmoja, bure. Nitawaonyesha mahali pa kubonyeza. Ila tukifika kwenye neno jipya la siri uandike mwenyewe, mimi nitageuka nitazame ukuta.